Kumwandikia Mgeni: Utangulizi wa Fani ya Utafutaji Mtandaoni kwa Madalali wa Mbeya na Iringa

Mkazi wa Mwanjelwa anayetafuta chumba hahitaji kompyuta. Atamuuliza wakala wa pesa, atamuuliza mama wa genge, atamuuliza kijana wa bodaboda, na kabla jua halijazama ameshaonyeshwa vyumba viwili na kuambiwa cha tatu kimechukuliwa asubuhi. Anayehitaji injini ya utafutaji ni yule ambaye hajafika. Ni mwanafunzi wa Geita aliyepangiwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kile tunachokiita MUST. Ni muuguzi wa Lindi aliyeshika barua ya uhamisho kwenda Iringa na hajui hata abebe mablanketi mangapi. Ni mtu wa Rungwe aliyeko Muscat, anayetaka kiwanja Uyole kabla hajastaafu. Kila mmoja wao anaandika maneno matatu au manne kwenye simu, anabonyeza, anasubiri. Fani ninayokukaribisha huchunguza kinachotokea kati ya kubonyeza huko na simu ya kwanza kwa dalali.

Vijana wa kompyuta huiita SEO. Kwa Kiswahili kirefu ni uboreshaji wa tovuti kwa ajili ya injini za utafutaji, na katika sekta ya milki huandamana na uandishi wa makala: kurasa za maelezo zinazokaa pamoja na matangazo ya nyumba na viwanja. Wengi huiogopa wakidhani ni kazi ya mafundi mitambo, wengine huidharau wakidhani ni hila za kuisukuma tovuti moja juu ya nyingine. Hila zipo, nitazigusa. Lakini atakayeisoma fani hii kwa makini atajikuta anasoma sayansi ya maktaba, isimu ya Kiswahili, uchumi wa soko lisiloaminika na sheria ya ardhi, na kati ya hayo yote ufundi wa kompyuta ndio utakaomchosha kidogo kuliko mengine.

Dai ninalolijenga hapa ni hili. Mtaji wa dalali wa Mbeya au Iringa ni ujuzi wake wa mtaa, na mazoea ya kazi yake yanamtaka aufiche. Injini ya utafutaji, kwa jinsi ilivyoundwa, hailipi chochote kwa kilichofichwa. Anayeuelewa mvutano huo tangu siku ya kwanza hatapotea njia baadaye.

Tuanze na mashine yenyewe. Google, ambayo ndiyo inayotumiwa na watu wengi kwetu, hufanya kazi tatu. Hutuma programu zinazopita ukurasa hadi ukurasa kwa kufuata viungo. Huyahifadhi yaliyosomwa katika faharasa inayoonyesha kila neno linapatikana wapi, kama ile ya mwisho wa kitabu. Kisha mtu akiuliza, huchagua kurasa na kuzipanga, ipi ya kwanza na ipi ya mia. Madalali wengi huanguka katika kazi ya kwanza tu: tangazo zima ni picha, na bei, mtaa na namba ya simu vimechorwa juu ya picha hiyo. Jicho la mtu linasoma bila taabu. Programu za utafutaji hutegemea zaidi maandishi ya kawaida, na kwao ukurasa wa namna hiyo unakaribia kuwa mtupu.

Kazi ya tatu, ya kupanga, ndiyo yenye historia ya kuvutia. Mwaka 1972 Karen Spärck Jones, mtafiti wa Cambridge, Uingereza, aliandika makala kuhusu uzito wa maneno katika kutafuta nyaraka. Alionyesha kwamba neno linalopatikana katika nyaraka nyingi halisaidii sana kuitofautisha moja na nyingine, ilhali neno linalopatikana katika nyaraka chache lina nguvu kubwa. Mifumo mingi ya utafutaji iliyofuata iliirithi kanuni hiyo, na inamhusu moja kwa moja dalali wa Iringa. Maneno “nyumba nzuri ya kisasa inapangishwa” yamo katika kurasa zisizohesabika kuanzia Mombasa hadi Bukavu. Neno “Gangilonga” halimo katika nyingi. Dalali anayeujaza ukurasa sifa za jumla na kuliacha jina la mtaa ametupa neno lake zito kuliko yote.

Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza njia ya kuupima ukurasa kwa kuangalia kurasa nyingine zinazouelekezea viungo, kiungo kutoka ukurasa wenye heshima kikihesabiwa zaidi. Wazo hilo waliliazima kutoka desturi ya wanataaluma ya kurejelea maandishi ya wenzao. Leo vipimo ni vingi na vingi havitangazwi, lakini kiungo hakijapoteza thamani. Sensa ya 2022 ilikuta Manispaa ya Iringa ina watu laki mbili hivi. Katika mji wa ukubwa huo, kiungo kimoja kutoka ukurasa wa chuo unaowaeleza wanafunzi wapya habari za makazi kina faida kuliko viungo mia vilivyonunuliwa kwa watu wasiojulikana. Hivyo vya kununuliwa, Google huvihesabu kuwa udanganyifu, na tovuti inaweza kuadhibiwa kwavyo.

Hapa ndipo jiografia inapoingia, na kwangu mimi ndiyo sehemu tamu ya somo. Jiji la Mbeya lina kata inayoitwa Ghana. Lina kata inayoitwa Ruanda. Lina Soweto, na lina Forest mbili, Mpya na ya Zamani. Mwenyeji haoni ajabu yoyote, konda akiita “Soweto, Kabwe, Mwanjelwa!” hakuna abiria anayedhani amefika Johannesburg. Lakini mtu akiwa Geita akiandika “nyumba za kupanga Ghana”, mashine ina kila sababu ya kumpeleka Accra. Forest ni neno la kila siku la Kiingereza, limo katika mamilioni ya kurasa kuhusu miti. Iringa nako hakuna nafuu. Mkwawa ni chifu wa Wahehe, ni chuo kikuu kishiriki cha elimu, na ni kata. Ruaha ni mto, ni hifadhi ya taifa, ni chuo kikuu cha Kikatoliki, na ni kata pia. Frelimo, ambayo mgeni ataidhania kuwa ni siasa za Msumbiji, kwa mtu wa Iringa ni hospitali. Mbeya yenyewe ni jiji, ni wilaya, ni mkoa na ni mlima. Majengo, naam, karibu kila mji wa Tanzania una Majengo yake.

Tiba ni kulizungushia jina majirani zake. Ukurasa unaotaja kata ya Ghana ndani ya Jiji la Mbeya, ukataja na kata inayopakana nayo, barabara inayoingia, shule iliyo karibu na kituo cha daladala, unaipa mashine ushahidi wa kutosha kwamba Ghana hii haina Accra ndani yake. Mwanafunzi wa isimu atatambua kwamba ndivyo hata binadamu anavyofanya: neno tata hufasiriwa kwa maneno yaliyolizunguka. Jambo la kushangaza ni kwamba ushahidi huo ndio huo huo anaouhitaji mgeni. Hakuna ukurasa wa mashine na ukurasa wa mtu. Ukiona mtu anakushauri uandike aya moja kwa ajili ya Google na nyingine kwa ajili ya mteja, mshukuru na uondoke.

Yapo pia majina yasiyo ya serikali. Mbeya watu hushuka Mama John, hushuka Mafiat, hukutana Block T. Mwaka 2022, kabla ya sensa, nchi nzima iliendesha operesheni ya anwani za makazi. Barabara zikapewa majina, nguzo zikasimikwa, nyumba zikapigwa namba. Ni hazina kubwa kwa fani hii, kwa sababu ramani za mtandaoni hupenda anwani iliyonyooka. Ila mteja anayepiga simu bado atasema “nipo hapa Mafiat, nielekeze”. Ukurasa mzuri hubeba majina yote mawili, la kwenye nguzo na la mdomoni mwa konda.

Lugha nayo ina kazi yake. Mwaka 1980 Martin Porter, naye wa Cambridge, alichapisha kanuni za kukata viambishi vya mwisho vya maneno ya Kiingereza, ili mashine ijue kwamba maumbo kadhaa ni ya neno moja. Kwetu mabadiliko mengi yako mwanzoni mwa neno. “Kiwanja” na “viwanja”, “chumba” na “vyumba”, “inapangishwa” na “zinapangishwa”: kwa mashine isiyofundishwa Kiswahili, hayo ni maneno sita yasiyojuana. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki amefanya kazi tangu miaka ya 1980 kuandaa programu za kuchanganua maumbo ya maneno ya Kiswahili, na anayeingia katika fani hii kwa mlango wa lugha asimpite. Mifumo ya siku hizi hujifunza uhusiano wa maumbo hayo yenyewe, kutokana na maandishi mengi inayolishwa. Lakini inalishwa kilichoandikwa, na maandishi ya Kiswahili kuhusu vyumba vya Ilomba si mengi. Kila dalali anayeandika vizuri anaifundisha mashine Kiswahili cha mtaani kwake, atake asitake.

Kiswahili hicho, niwaonye wasomi wenzangu, hakitatufurahisha. Watu huandika “chumba self Mbeya”. Huandika “masta”, “fensi”, “fremu ya duka”, “pagala linauzwa”. Mwalimu wa lugha angependa wasome “chumba chenye choo na bafu ndani”, na ana haki yake, lakini ukurasa wenye maneno hayo peke yake hautakutana na aliyeandika “self”. Weka yote mawili, kwa mtiririko wa kawaida. Kulirudia neno moja mara thelathini ili mashine iliwekee uzito ni hila ya zamani. Siku hizi humshusha anayeitumia, na kumchosha msomaji kabla mashine haijafanya hivyo.

Sasa nirudi kwenye mvutano niliousema. Matangazo mengi husomeka hivi: “Nyumba kali, vyumba vitatu, kimoja masta, fensi, maji na umeme vipo, bei maelewano, piga simu.” Mtaa haukutajwa. Picha imepigwa sebuleni, pazia limefungwa, nje hakuonekani. Ukipiga kuuliza ni wapi hasa, unajibiwa, “Wewe njoo tu bosi wangu, hutajuta.” Wataalamu wa masoko wangeuita uzembe. Mimi naona ni akili. Dalali, kwa desturi yetu, hulipwa kodi ya mwezi mmoja baada ya mteja kupata nyumba. Mteja akiitambua nyumba kwenye picha atakwenda mwenyewe kwa mwenye nyumba. Dalali mwingine akiitambua ataitangaza kesho kama yake. Anayeficha analinda ujira wake, na ndiyo maana baadhi yao hutoza hela ya kuonyeshwa nyumba kabla hamjaondoka kijiweni.

Wanauchumi wamelijadili soko la namna hii kwa muda mrefu. George Stigler aliandika mwaka 1961 kwamba kutafuta bei kuna gharama, na mnunuzi huacha kutafuta pale gharama ya kuendelea inapozidi faida anayoitarajia. George Akerlof, mwaka 1970, akitumia mfano wa magari yaliyokwishatumika, alionyesha kinachotokea pale muuzaji anapojua ubora wa kitu na mnunuzi hajui: mnunuzi hukata bei kwa kuhofia ubovu, wenye vitu vizuri huona hasara na kujitoa, na soko hubaki na vibovu. Mtanzania halazimiki kusoma makala hayo ili aelewe. Amekwisha kuona ukutani, kwa rangi nyekundu, maneno NYUMBA HII HAIUZWI. Mwenye nyumba analipa rangi na fundi kuutangazia umma kwamba hafanyi biashara! Sijui ushahidi ulio bora kuliko huo wa soko ambalo mgeni hana namna ya kumtambua mwenye mali na tapeli.

Basi dalali mwaminifu afanyeje, ikiwa akifichua anaibiwa na akificha haonekani wala haaminiki? Atenge vitu viwili ambavyo mazoea yameviunganisha: nyumba na mtaa. Nyumba anaweza kuendelea kuilinda. Atoe picha za vyumba, ukubwa, kodi na masharti, na namba ya nyumba aiweke mfukoni hadi siku ya kuonyeshana. Mtaa auandike wote, bila choyo, kwa sababu mtaa hauibiki. Dalali mwingine akijua kwamba Kihesa, Iringa, kuna wanafunzi wengi na kelele za jioni, hajachukua mteja wa mtu. Akinakili maelezo hayo neno kwa neno, mashine kwa kawaida hujaribu kumtambua aliyetangulia. Tangu mabadiliko ya 2011 ambayo Google waliyaita Panda, kurasa nyepesi na za kunakili zimekuwa zikishushwa. Na msomaji aliyeelezwa ukweli kuhusu mtaa, pamoja na ubaya wake, humpigia aliyemweleza.

Aandike nini hasa? Yale ambayo mgeni hajui kuyauliza. Mbeya iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai hauna masihara. Mpangaji kutoka Dar es Salaam huuliza kama kuna feni. Aulizwe yeye kama anataka nyumba yenye dari na maji ya moto. Mji umelala chini ya mlima Loleza, na viwanja vya upande huo vina mteremko. Tangazo linalosifu mandhari ya kiwanja cha mteremkoni limenyamaza kuhusu mawe, saruji na urefu wa msingi, na ukurasa unaoeleza gharama za kujenga kwenye mteremko utasomwa na kila mtu anayefikiria kununua huko, mwaka huu na mwaka kesho.

Iringa ina fumbo lake. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma hupita Ipogolo, bondeni, karibu na Ruaha Mdogo, na mji wenyewe uko juu kilimani. Stendi kuu ya mabasi iko Igumbilo. Kwa hiyo maneno “karibu na barabara kuu”, ambayo katika miji mingi ni sifa, hapa yanamaanisha kupanda kila siku kwenda sokoni na kushuka jioni. Kwa dereva wa malori ni baraka. Kwa mwalimu wa Mshindo asiye na usafiri ni nauli ya kila asubuhi. Nyumba ni ile ile na maneno ni yale yale, lakini wasomaji ni wawili, na ni dalali peke yake anayejua tofauti hiyo bila kufikiri. Hajawahi kudhani kwamba ina thamani ya kuandikwa.

Barabara hiyo hiyo, ikifika Mbeya, hukatiza katikati ya mji kuanzia Uyole hadi Iyunga na kuendelea Mbalizi, na mradi wa kuipanua kuwa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi, kilomita 29, umefanya suala la hifadhi ya barabara kuwa la moto. Sheria ya Barabara ya 2007 iliweka mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu. Mgeni anayetafuta fremu kandokando ya barabara anaona biashara. Hajui kwamba alama ya X ukutani ni ya jengo linalotakiwa kubomolewa. Makala moja ya kurasa mbili inayoeleza jambo hilo kwa Kiswahili chepesi, ikitaja maeneo, itamletea dalali wateja kuliko matangazo ya mwaka mzima. Itawafukuza wengine pia, na hao hawakuwa wateja.

Kalenda isisahauliwe. Vyuo hufungua kati ya Oktoba na Novemba. Watumishi wengi huhama mwaka wa fedha unapoanza Julai. Fedha za mpunga wa Usangu na za parachichi za Rungwe zina majira yake, na baadhi yake huishia kwenye viwanja. Mashine huchukua muda kuutambua ukurasa mpya na kuuamini, kwa hiyo makala ya vyumba vya wanafunzi wa Iyunga yakiandikwa Oktoba yamechelewa. Yaandikwe Juni, katika baridi, wakati kazi ni chache.

Sheria ni eneo ambalo dalali huliona kero na mimi naliona shamba lenye rutuba. Kwetu ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake; anachonunua mtu ni haki ya kuitumia. Kuna Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za 1999, na mipaka kati ya mawanda yake hupita pale pale miji yetu inapotanukia. Eka moja nje kidogo ya jiji inaweza kuwa ardhi ya kijiji, ambako idhini ya halmashauri ya kijiji ina uzito wake. Hati miliki hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Dalali akiandika “kina hati” aseme ni hati ya aina gani, au ni leseni ya makazi, au ni karatasi ya mauziano iliyogongwa mhuri wa serikali ya mtaa. Nyumba ya familia haiuzwi kwa saini ya mume peke yake; kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinataka ridhaa ya mwenza. Kwa muda mrefu mtu asiye raia hakumilikishwa ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji, na swali la umiliki wake huulizwa kila siku na ndugu zetu waliochukua uraia wa nje. Kila sentensi katika aya hii ni swali ambalo mtu fulani analiandika usiku kwenye simu yake. Google yenyewe huyahesabu mambo ya fedha na mali kuwa mada nyeti na hutaka ionekane ni nani anayesema na ana ujuzi gani. Makala ya sheria yasiyo na jina la mwandishi, anwani ya ofisi wala tarehe, hayana haki ya kukaa juu.

Sheria nyingine humbana dalali mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inapaswa kumkumbusha kwamba jina na namba ya mwenye nyumba si mali yake ya kusambaza, na kwamba chumba chenye mpangaji ndani, na picha za watoto wake ukutani, hakipigwi picha bila ruhusa. Anayetaka kuchapisha maudhui kama huduma aulize pia TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kuhusu kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020.

Ufundi naupitia haraka. Wasomaji wako wanatumia simu, na wanalipia bando. Picha nzito kutoka kwenye kamera ipunguzwe kabla ya kupandishwa. Google hushauri sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5. Ofisi, kama ipo, isajiliwe kwenye ramani ya Google, kwa jina, saa na mahali pale pale panapotajwa kwenye tovuti, kwa sababu majibu ya karibu hupangwa kwa kuangalia ufaafu, umbali na umashuhuri. Nyumba ikipangishwa ukurasa wake usifutwe: uandikwe kwamba imechukuliwa, na msomaji aelekezwe kwenye nyumba zinazofanana nayo. Anayedhani Instagram na WhatsApp zinatosha hajakosea sana, kwani biashara nyingi humalizikia huko. Ila tangazo la stetasi hufa baada ya saa 24, na muuguzi wa Lindi hayumo katika simu ya dalali.

Ninakaribisha hasa wenye maswali, maana majibu bado ni machache. Wazungumzaji wa Kiswahili huulizaje wanapoongea na simu badala ya kuandika? Kundi la watafiti wa Kiafrika wanaojiita Masakhane limekuwa likizifanyia kazi lugha zetu tangu 2019, lakini lugha ya dalali ni shamba ambalo halijalimwa vya kutosha. Injini zinazoandika muhtasari wa jibu juu ya orodha ya kurasa zitamlipaje aliyetoa habari, ikiwa msomaji haingii tena kwenye ukurasa wake? Na matangazo ya zamani, yenye kodi na tarehe, yakihifadhiwa, mwanahistoria wa miji atayaona kuwa kumbukumbu ya jinsi Isyesye ilivyojaa.

Kwa anayeanza, kazi ya kwanza si kufungua kompyuta. Nenda ukakae na dalali kijiweni, Kabwe ya Mbeya au Miomboni ya Iringa, kwa wiki moja, na daftari. Kila simu inayoingia, andika swali la mteja kwa maneno yake mwenyewe, bila kulisafisha. Utasikia maji yanatoka siku ngapi. Utasikia kama luku ni ya kila mtu au ya kuchangia. Utasikia kama bajaji inafika mvua ikinyesha. Na mara nyingi kuliko unavyodhani utasikia swali ambalo hakuna tangazo linalolijibu, ingawa ndilo linalomfanya mtu alipe kodi ya miezi sita au asilipe: je, mwenye nyumba anaishi humo humo?